Asanteni kwa kutoingilia: albamu ya Freddie ambayo mjomba wangu hataki iguswe

Juzi wamerudia tena ile filamu ya Bohemian Rhapsody kwenye king'amuzi, ile ya 2018, na mi kama kawaida yangu nikakaa nayo mpaka mwisho huku nalalamika peke yangu sebuleni. Kuna sehemu ikikaribia mama watoto anachukua simu yake anahamia chumbani, maana anajua kinachofuata. Ni pale Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, anapowaambia wenzie kwamba kasaini dili ya kurekodi peke yake, milioni nne za dola, wenzie wanamtazama kama kawauzia nyumba ya urithi, bendi inakufa palepale, watu hawaongei mpaka Live Aid, lile tamasha la hisani, inakuja kuwapatanisha. Uongo jamani. Uongo mtupu!

Roger Taylor, mpiga ngoma, alishatoa albamu yake peke yake 1981, akatoa nyingine 1984. Brian May na gitaa lake alitoa ya kwake, fupi fupi hivi, 1983. Kwahiyo Freddie alikuwa wa mwisho kati ya hao watatu, na Queen wala hawakuvunjika, Januari 1985 walikuwa Rio de Janeiro wanapiga mbele ya bahari ya watu, Aprili wako Australia, Mei wako Japani, na hiyo albamu inayosemwa iliua bendi ilitoka tarehe 29 Aprili 1985, yaani katikati ya tua (ziara ya maonyesho) ya bendi ambayo filamu inatuambia imekufa. Live Aid ni 13 Julai. Hawakuwa na cha kupatanishwa, walikuwa wametoka kupiga shoo juzi tu.

Ila hesabu za tarehe naweza kusamehe, filamu ni filamu. Kinachoniuma ni kwamba albamu yenyewe wameigeuza kosa, kitu cha kutubia, wakati mi nimekua nayo. Inaitwa Mr. Bad Guy. Watu wengi wanaojiita mashabiki wa Queen hawajawahi kuisikiliza yote mpaka mwisho, na sisemi wana hasara kubwa sana, ntafika huko.

Mi nimeijua kwa njia ya nyuma. 1993, niko shule bado, kulikuwa na wimbo kila disko, kila harusi inayopiga muziki wa kizungu, kila duka la kaseti pale Darajani, Unguja, umewekwa spika nje, "Living on My Own", lile bomba la kuchezeka, bum bum bum, na sauti ya mwanaume inapaa juu huko inapiga di-di-da-da bila maneno. Nikarudi nyumbani nauimba. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa baharia, miaka ya themanini yote kaimaliza kwenye meli, alikuwa amekaa barazani anafunga redio yake kwa waya, akanisimamisha. Akaniuliza huo wimbo nimeusikia wapi. Nikamwambia. Akasema, "Huo si wenyewe yakhe, huo washauchafua." Akaingia ndani akatoka na kaseti aliyoinunua bandarini Ulaya mwaka uleule ilipotoka, karatasi yake imeshafifia, akaniwekea upande B.

Na kweli ulikuwa wimbo mwingine. Uleule lakini mwingine. Wa 1985 unaenda taratibu zaidi, una kipande cha piano katikati kama cha watu wa jazi, na ile di-di-da-da ambayo disko ilikuwa furaha, humu ndani inasikika kama mtu anayeongea peke yake jikoni usiku. Nilikuwa mdogo sikuweza kusema hivyo wakati ule, nilimwambia tu mjomba kwamba ule wa disko mzuri zaidi. Hatujaelewana mpaka leo.

Kwa wasiojua, na bado wapo, Freddie huyu kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake ni Maparsi, Wahindi wa dini ya Zoroasta, kutoka Gujarat, baba yake keshia wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Akapelekwa bweni India akiwa mdogo, akarudi 1963, na mwaka uliofuata baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Basi. Mapapasi, wale wanaowazungusha watalii mitaani, watakuonyesha nyumba tatu tofauti kila moja ndo alizaliwa yeye, mi siingii kwenye hiyo biashara. Mwenyewe alikuwa hazungumzii sana kwao, na kwao pia walikaa muda mrefu hawamzungumzii, 2006 ilipangwa sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ikafutwa baada ya kikundi cha dini kupinga, sababu inajulikana, alikuwa anapenda wanaume na kafa kwa ukimwi. Makumbusho yake Shangani yamekuja kufunguliwa 2019, baada ya filamu kuuza. Hapo najua na nyie mnacheka.

Turudi studio. Albamu ilirekodiwa Munich, Ujerumani, studio inaitwa Musicland, ambayo ilikuwa chini kabisa ya jengo la hoteli, chini ya ardhi, hakuna dirisha, hujui nje mchana au usiku. Aliyeianzisha ni Giorgio Moroder, yule Mtaliano wa disko. Queen walianza kwenda pale 1979 wakakutana na fundi mitambo Reinhold Mack, wote wanamwita Mack tu, na huyo ndo kawabadilisha. Kumbuka hawa watu miaka ya sabini walikuwa wanaandika kwenye majalada yao kabisa kwamba humu hakuna sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vya kutengeneza sauti, kwa majivuno, kila sauti ya ajabu unayosikia ni gitaa la Brian au koo la Freddie. Kufika Munich, sinthesaiza zikaingia, na disko ikaingia, 1982 wakatoa Hot Space ambayo nusu ya mashabiki waliona ni usaliti. Freddie hakuona usaliti wowote, ndo kwanza alikuwa anaanza kufurahi. Munich ilikuwa mji wa kwake, baa zake, marafiki zake wasiomjali ni staa, usiku haukuishi, studio mchana kwa kichwa kinachouma.

Kwahiyo kampuni ya rekodi ya CBS walipokuja na hela (Queen wenyewe walikuwa kwa kampuni nyingine, EMI) alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kufanya naye. Yeye na Mack wakawa maprodyuza. Ilichukua karibu miaka miwili, si kwamba kazi ilikuwa ngumu hivyo, ni kwamba alikuwa anaiba muda, Queen wakimaliza albamu yao anarudi kidogo, tua ikianza anaondoka. Wanamuziki ni wa palepale Munich wengi wao, Curt Cress kwenye ngoma, Paul Vincent gitaa, Stephan Wissnet besi, na Fred Mandel kwenye vinanda ambaye alishawahi kusindikiza Queen kwenye tua. Nyimbo 11 na zote kaandika yeye peke yake. Hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika! Kwenye Queen wote wanne walikuwa watunzi, wote wana hiti zao, mpaka yule John Deacon mkimya ndo kaandika "Another One Bites the Dust", kwahiyo kila albamu ilikuwa vita ya nani anapata nafasi ngapi. Huku Munich hakuna vita. Anasema nataka okestra, inaletwa okestra nzima kwa ajili ya wimbo wa "Mr. Bad Guy", wakati Queen miaka yote walijifanya wao wenyewe ndo okestra. Anasema huu uanze kama rege, unaanza kama rege, "My Love Is Dangerous" hiyo, halafu unageuka katikati unakuwa kitu kingine kabisa na mpaka leo sijajua kwanini.

Ndani ya jalada kaandika shukrani. Anawashukuru Brian, Roger na John kwa kutoingilia. Mjomba alikuwa anaipenda sana hiyo sentensi, alikuwa ananisomea kwa Kiingereza chake cha meli halafu anaitafsiri, "asanteni kwa kutoingilia", anacheka mpaka anakohoa. Halafu albamu yenyewe kaitoa kama zawadi kwa paka wake Jerry, na Tom, na Oscar, na Tiffany, na wapenda paka wote wa ulimwengu, na waliobaki kawatupia neno ambalo sitaliandika hapa. Mtoto wa Mji Mkongwe atapenda nini kama si paka.

Mi nafikiri hiyo sentensi ya kutoingilia ndo tatizo lote la albamu lilipo.

Sikiliza upande A. "Let's Turn It On", "Foolin' Around", "Your Kind of Lover", ni nyimbo za mtu mwenye kipaji cha kutisha ambaye hamna aliyemwambia bwana hii bado. Vinanda vimejaa kila kona, ngoma zina ule mlio wa plastiki wa 1985 ambao ukisikia sekunde mbili unajua mwaka, na sauti yake, sauti ile!, inapigana na mashine badala ya kukaa juu yake. Kwenye Queen angetokea Brian akasema hapa gitaa, angetokea Roger akanuna, wangegombana siku tatu, na mwisho wa siku wimbo ungetoka umekonda umebaki na nyama tu. Hapa umebaki na mafuta yote. "I Was Born to Love You" melodi yake ni ya mbinguni halafu imevishwa nguo za dukani.

Mjomba anasema mi nina wivu na watu waliotajirika. Sawa.

Ila upande B ni kitu kingine. "Mr. Bad Guy" na ile okestra, mtu anajichekesha kwamba yeye ndo jambazi wa hadithi. Halafu "There Must Be More to Life Than This", piano na sauti, karibu hamna kingine, na anauliza swali moja tu, hivi maisha ndo haya? Wimbo huu una historia yake, 1983 alikwenda nyumbani kwa Michael Jackson kule California, wakarekodi vitu vitatu vya majaribio, huu mmojawapo. Havikumalizika. Kingine kati ya hivyo, "State of Shock", Jackson akaja kukitoa 1984 na ndugu zake na Mick Jagger wa Rolling Stones kwenye nafasi ya Freddie, na Jagger huyohuyo naye 1985 akatoa albamu yake ya peke yake, kwa CBS hiyohiyo. Dunia ya wale watu ilikuwa kijiji.

Halafu kuna kitu sisi wa huku hatuwezi kuruka, na kwenye makala nyingi za kizungu utakuta kimewekwa mstari mmoja. Oktoba 1984, kazi ya albamu hii ikiwa inaendelea, Queen walienda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, kwenye kale kanchi ka kubuni ka Bophuthatswana, wakati wanamuziki wa dunia wameambiwa msiende. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawapiga faini, Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha mbaya. Sauti ya Freddie ikamkatikia hukohuko, shoo zingine zikafutwa. Wakati huo Tanzania, nchi ambayo kisiwa alichozaliwa kimo ndani yake, ilikuwa na shule nzima ya watoto wa ANC pale Mazimbu, Morogoro. Mi sijui kama aliwahi hata kuunganisha hayo mambo mawili kichwani, nadhani hapana, alikuwa ni mtu wa burudani na alijiona hivyo. Lakini mjomba, ambaye anampenda kuliko mi ninavyompenda, kila akifika kwenye hilo anasema, "Hapo ndo alikuwa Bad Guy wa kweli," na hacheki.

Basi ikatoka. Uingereza ikapanda mpaka namba 6, si mbaya, lakini kwa mtu wa ukubwa ule watu walitegemea zaidi. Marekani ilikuwa msiba, namba 159. Wamarekani walishamchoka, mwaka mmoja nyuma ile video ya Queen waliyovaa nguo za kike wakisafisha nyumba iliwaudhi kweli kule. Singo ya kwanza, "I Was Born to Love You", namba 11 Uingereza. "Made in Heaven", ambayo walitengeneza video na jukwaa la gharama ya ajabu, namba 57. "Living on My Own", wimbo wetu mi na mjomba, namba 50. Ya nne, "Love Me Like There's No Tomorrow", 76, na hapo wakaacha. Video ya "Living on My Own" ilipigwa kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, miaka 39, klabu ya Munich, wageni nyeusi na nyeupe na wanaume wengi wamevaa magauni, kampuni ikaiangalia ikasema hii haitoki. Ikafungiwa kabatini.

Na katikati ya singo hizo, Julai, Live Aid ikaja, dakika ishirini na kidogo, na dunia nzima ikasahau kwamba huyu mtu miezi miwili na nusu nyuma alikuwa na albamu mpya. Jukwaani Wembley, London, hakuimba hata wimbo mmoja kutoka humo. Fikiria tangazo la bure la namna ile, na yeye hakuligusa, kaimba za Queen tu. Mtu aliyevunja bendi kwa ubinafsi ndo anafanya hivyo? Hao watengeneza filamu nawauliza mi.

Kafa 24 Novemba 1991. Na hapa ndo inapoanza sehemu ambayo mi na mjomba tunagombana, maana nyimbo zile zilianza kuishi mwenyewe alipoondoka. 1993 vijana wa Ubelgiji wanajiita No More Brothers wakaichukua "Living on My Own", wakaitoa nguo zote, wakabakiza sauti, wakaitia ngoma za klabu, na ile video iliyofungiwa ikatoka kabatini, na Agosti ikawa namba 1 Uingereza. Wimbo ulioshindwa kufika hata 40 mwenyewe akiwa hai! Halafu 1995 wale watatu aliowashukuru kwa kutoingilia, wakaingilia. Wakatengeneza albamu ya mwisho ya Queen kwa sauti zake zilizobaki, na wakachukua mbili kutoka Mr. Bad Guy, "Made in Heaven" na "I Was Born to Love You", wakavua vinanda vingi wakaweka gitaa, besi, ngoma zao wenyewe. Albamu nzima wakaipa jina la Made in Heaven. Weka ile ya 1985 halafu weka ya 1995, mfululizo, na sauti ya Freddie ni ileile kabisa, hawajamrekodi upya, kafa, lakini utaapa kaimba vizuri zaidi kwenye ile ya pili. Hakuna alichobadilisha. Wamemtengenezea tu nafasi ya kusimama.

Mi nikasema umeona mjomba. Walichotakiwa kufanya toka mwanzo.

Mjomba akasema, "Mtu kachora picha yake, kaitundika ukutani kwake, kaandika chini asiiguse mtu. Kafa. Nyinyi mnakwenda na rangi."

Sikuwa na jibu zuri na sina mpaka sasa, kwasababu ukinibana, ule wa piano, "There Must Be More to Life Than This", walipoutoa tena 2014 na sauti ya Michael Jackson ndani na Queen nyuma wanapiga, niliusikiliza mara moja nikarudi kwenye wa zamani. Umejaa watu. Ule wimbo haukutaka watu. Kwahiyo labda kuna nyimbo zilihitaji ugomvi na kuna nyimbo zilihitaji aachwe peke yake, na 1985 zote tulipewa kwa pamoja kwenye kaseti moja bila kuambiwa ipi ni ipi, na ndo maana wengine wanaiita mbovu na mjomba anaiita kitabu.

2019 wakatoa boksi kubwa la kazi zake za peke yake, na humo Mr. Bad Guy imechanganywa upya kutoka kwenye tepu zenyewe, hawajapiga ala mpya, wamesafisha tu, sauti imetoka mbele, zile ngoma za plastiki zimepunguzwa makali. Nikavuka na boti nikampelekea. Baharia amezeeka sasa, macho hayaoni vizuri, lakini masikio bado. Nikaunganisha simu na spika pale barazani bila kumwambia ni ipi. Akasikiliza nyimbo mbili hajasema kitu. Ya tatu ilipoanza akainua mkono.

"Hii siyo yangu."

Nikamwambia ni ileile, wameisafisha tu.

"Na hawa nao kawaruhusu nani?"

Nikazima. Tukakaa. Paka akapita, akampa kipande cha dagaa. Baadaye, nishavaa viatu nakwenda kuwahi boti, akaniita kutoka ndani, mjomba, hebu nitilie hiyo kwenye flashi. Nikauliza yote? Akasema hapana, upande B tu.